Karani na Mstari Uliokwanguliwa

Karani wetu wa kanisa alikuwa na shamba la chai safi kuliko yote upande wetu wa Nyaramba, na chai yenyewe hakuinywa. Sisi Wasabato wa siku zile tulifundishwa kwamba chai inasumbua mwili na akili, kwa hiyo mgeni alipewa uji au maziwa. Wengi wetu tuliinywa jikoni mlango ukiwa umefungwa, na mama yangu alikuwa wa kwanza. Karani hakuinywa hata mlango ukifungwa. Akikaribishwa mahali alitoa majani ya mchaichai kwenye mfuko wa koti na kusema, "Nipe maji ya moto tu, mama." Mzee mmoja mchokozi alimuuliza mbele za watu: kama chai ni mbaya, kwa nini unailima ukawauzie wenzako wadhurike? Karani alikuna kidevu. "Jibu la swali hilo sina. Nikilipata nitakuletea." Watu wakacheka, wakasahau. Baada ya miezi miwili Karani alipanda kilima hadi kwa yule mzee, akapiga hodi, akamwambia, "Nimetafuta jibu, sikulipata. Nimekuja kukuambia usiendelee kungoja." Kisha akashuka kwenda kuchuma chai yake.

Jina lake sitaliandika. Kijiji kizima kilimwita Karani, na mimi sina haki ya kuliweka jina lake mdomoni baada ya yale niliyomtendea. Ningependa kuyafikia polepole, lakini nimekuwa nikiyazunguka maisha yangu yote, kwa hiyo niyaseme hapa hapa. Karani alipoteza kazi yake na heshima yake kanisani kwa sababu yangu. Neno langu moja lingemwokoa. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka alipokuwa amesimama, nikafunga mdomo, na kwa kufunga mdomo nikapata safari ya Ulaya. Sasa endeleeni kusoma mkijua mnasoma maneno ya nani.

Kazi yake ilikuwa kitabu cha washiriki. Kilikuwa kitabu kikubwa cha jalada jeusi, na kila aliyebatizwa, aliyehamia, aliyehama na aliyelala alikuwa na mstari wake humo. Sisi hatusemi mtu amekufa, tunasema amelala. Karani alikishika tangu kanisa likiwa la kuta za udongo na paa la nyasi. Alikifunga kwa kitambaa cha meza, akakiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Alipotaka kuandika alinawa mikono hadi kwenye kiwiko, akaifuta, akakaa wima, akachovya kalamu kwenye wino na kuandika bila kupumua. Ukimwambia afanye haraka alijibu, "Ngoja wino ukauke." Alilisema hilo kwa kila jambo. Wakimuuliza kama mahindi yameiva, wino haujakauka. Bibi harusi akichelewa, wino haujakauka. Tulimwigiza sana tukiwa wasichana, mimi na Moraa binti yake, hata yeye mwenyewe akitusikia na kutikisa kichwa.

Hakuandika asichokiona. Mtu akilala, Karani alikwenda mazishini hata kama ni mbali kiasi gani, akaona kaburi likifukiwa, ndipo akarudi kuandika. Kulikuwa na bibi mmoja aliyehamia kwa mwanawe Kenyenya. Habari ikafika kwamba amelala. Kanisa likaomba, akina mama wakalia, mchungaji akamwambia Karani aandike. Karani akakataa. "Kaburi sijaliona." Wakamsema, kwamba ana moyo mgumu, kwamba anamnyima marehemu pumziko. Yeye akasema atakwenda Kenyenya akipata nafasi. Kabla hajaipata, bibi mwenyewe akatokea kanisani Sabato moja, mkongojo mkononi, akiuliza ni nani aliyewaambia wagawane vyungu vyake. Wee! Kanisa zima lilicheka mpaka somo likakatizwa. Bibi akaenda akamshika Karani mkono. "Wewe ndiye uliyekataa nife," akamwambia. Karani alibaki kuangalia viatu vyake.

Nimesimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara watu wanacheka. Mimi nacheka nao. Mtu aliyekataa kuandika uongo hata wachungaji walipomsukuma, aliharibu kitabu chake mara moja tu maishani, na aliyeharibiwa kitabu kwa ajili yake ni mimi.

Kengele ya kanisa ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, ikining'inia kwenye mti wa mwangati. Karani ndiye aliyeigonga kila Ijumaa jioni. Kwetu Sabato inaingia jua linapozama, na kwa Karani jua lilizama lilipozama, saa ya mkononi haikuwa na neno. Alisimama mgongo wake ukielekea kanisani, akitazama kule vilima vinakoshukia ziwani, na ukingo wa mwisho ulipopotea aligonga mara saba. Baada ya hapo jembe halishikwi, moto mpya hauwashwi, hakuna kuchuma. Siku za mawingu alikadiria, na alikadiria mapema ili asimwibie Mungu. Akina mama waliokuwa hawajamaliza kupika walimnung'unikia kwelikweli. "Karani, jua lako ni la nani? Letu bado liko!" Alijibu kwa Kiswahili, maana ndani ya ua wa kanisa hakusema Ekegusii, lugha yetu, hata na mkewe. Alisema kanisani huingia watu wa kila lugha, na Mjaluo au Mkipsigis akija leo asijione mgeni. Huyo Mjaluo alikuja mara mbili kwa mwaka, lakini Karani alimngoja kila wiki.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kuchorwa. Alikuwa mkali na mbishi. Hakujua kusifu. Moraa alipokuwa wa kwanza darasani alimwambia, "Umeanguka wapi kwenye hesabu?" Alikoroma katika mahubiri ya wengine na kukanusha. Alipenda ndizi mbivu kupita kiasi, akila tatu kwa mpigo huku akihubiri kiasi katika vyakula. Na aliogopa sana ng'ombe, jambo la aibu kwa mwanamume wa kwetu. Ng'ombe wake walifungwa na Moraa, naye alisimama nyuma ya ua akitoa maagizo.

Sasa nieleze ule mstari.

Nilikaa miaka miwili na shangazi yangu upande wa Itumbe, nikisoma huko. Nilibatizwa huko. Shangazi alikuwa na chai, na siku za lori kuja kuchukua majani zilipangwa na watu wasiojali Sabato ni nini. Wiki moja shangazi aliugua homa kali. Majani yaliyochumwa Ijumaa yalikuwa yamelala kwenye vikapu, lori likaja Sabato asubuhi, na majani yakilala zaidi yanakuwa meusi, hayanunuliwi. Shangazi alinitazama tu kutoka kitandani, hakunituma. Nikabeba kikapu mgongoni nikakipeleka kwenye kituo cha chai, nikarudi nikabeba cha pili. Nilipokuwa napanda na hicho cha pili nilikutana na kanisa lote likishuka kwenda ibadani. Nikawekwa chini ya adhabu miezi mitatu: nisiimbe, nisiombe mbele za watu, nikae benchi la nyuma. Niliitumikia yote. Nilipohamia nyumbani, karani wa huko alimwandikia karani wetu barua ya kunihamisha, na ndani yake, kama ilivyotakiwa, akaeleza ile adhabu.

Barua hiyo ilisomwa na mtu mmoja tu. Karani wetu aliingiza jina langu, na kwenye safu ya maelezo akaandika habari ya adhabu. Maneno yalikuwa marefu, yakashuka hadi kwenye mstari wa chini yangu, nao ulikuwa wa Moraa, aliyebatizwa wiki ile ile. Halafu akaniita kwake. Alinionyesha kitabu. Nilipoyaona yale maneno nililia. Nilimwambia sikuchuma, nilibeba tu, na shangazi alikuwa anatetemeka. Nilimwambia adhabu nilishaimaliza, sasa itanifuata mpaka nizeeke? Alinitaka nirudi nyumbani.

Baada ya siku tatu akaniita tena. Akafunua kitabu, na pale palipokuwa na maneno palikuwa peupe. Alikuwa ameyakwangua kwa wembe, jinsi wino ulivyofutwa zamani, na karatasi ilikuwa imebaki nyembamba. Akanipa ile barua ya Itumbe. "Kaiweke chini ya chungu cha mama yako," alisema. "Mungu alishasamehe. Mimi ni nani niendelee kuandika?" Nikataka kumshukuru, akaniinulia kiganja. "Usinishukuru. Nimefanya kitu ambacho sikijui vizuri." Nikaenda nikaichoma barua. Safari ya Ulaya wakati huo hakuna aliyeiwaza.

Safari ilikuja mwaka uliofuata, mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini. Vijana Wasabato wa Norwei walitaka wenzao wa Afrika wajiunge nao kwenye kambi ya majira ya joto kando ya ziwa, wiki sita, kujenga na kupaka rangi nyumba za kambi, kufundisha watoto nyimbo na kutoa ushuhuda. Kutoka eneo letu alitakiwa msichana mmoja. Awe amebatizwa, awe amefika kidato cha pili, ajue Kiingereza cha kuombea, na asiwe amewahi kuwekwa chini ya adhabu ya kanisa. Tulikuwa wawili: mimi na Moraa. Na nisidanganye hapa, kila mtu alijua ni Moraa. Moraa ndiye aliyefundisha watoto Shule ya Sabato. Moraa ndiye aliyeimba. Mimi nilikuwa msichana wa maneno mengi, na niliitaka safari ile mpaka chakula hakikupita kooni. Sikuwahi kupita Kisii mjini. Nilikuwa nalala nikiiona ndege.

Mgeni kutoka ofisi ya misheni alikuja Jumapili asubuhi kukagua kitabu. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Wazee wa kanisa walikaa mbele, sisi wasichana wawili tukawekwa benchi la pembeni, mama zetu nyuma. Mgeni akapitisha kidole mpaka kwenye majina yetu, akasimama hapo. Akauinua ukurasa dirishani, na mwanga ukapita.

"Hapa pamekwanguliwa," alisema.

"Nimekwangua mimi," Karani akajibu kabla hajaulizwa.

"Palikuwa na nini?"

"Palikuwa na maneno."

"Ya nani, Karani? Ya huyu au ya huyu?"

Karani alikuwa amesimama, kofia kifuani. "Hilo siwezi kusema."

Mgeni akauliza tena, kwa upole uleule. Wazee nao wakauliza, na wao hawakuwa wapole. Mmoja akasema waziwazi kile ambacho wote walikuwa wanakifikiri: baba hakwangui kwa ajili ya mtoto wa jirani. Kama Karani angenitazama, hata kwa kuibia, labda ningesimama. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na mimi mwenyewe siamini. Hakunitazama. Alitazama ukuta uliokuwa juu ya kichwa changu, nikaelewa kwamba ananificha, na nikaacha anifiche. Moraa alikuwa kando yangu, bega kwa bega. Nilisikia anavyopumua. Niliukunja ukingo wa rinda langu, nikaukunjua, nikaukunja tena. Mgeni akaniuliza, "Na wewe, binti, una lolote la kusema?" Nikasema, "Hapana." Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa, haikutikisika.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Watu wakisikia hivyo wanataka kunihurumia. Wasinihurumie. Mtu wa miaka kumi na minane anajua kusema "ni mimi."

Wiki iliyofuata wakamvua ukarani. Sanduku la bati likatolewa chini ya kitanda chake, likabebwa na vijana wawili likapelekwa kwa mwalimu mmoja wa shule. Ringi ya kengele nayo akapewa mwingine, akaigonga kwa kufuata saa ya mkononi. Karani akahamia benchi la nyuma bila kuambiwa, akawa anakuja wa kwanza kama zamani na kuondoka wa mwisho. Ijumaa jioni ungemwona nyumbani kwake amesimama nyuma ya ua, anatazama vilima, mikono mitupu.

Na Moraa? Watu hawakukosa la kujaza pale palipokwanguliwa. Wengine walisema alikuwa na mimba iliyotolewa, wengine walisema alionekana kwenye ngoma. Wakati huo kulikuwa na familia kutoka upande wa Kenyenya iliyokuwa inamposa, na kwetu familia humtuma esigani, mtu wa kati anayekuja kuchunguza nyumba ya msichana kabla ng'ombe hawajatajwa. Huyo esigani alikuwa ameshakuja mara mbili na kuridhika. Mara ya tatu akapitia kwanza sokoni, akasikia habari ya kitabu. Kwa Karani hakufika. Moraa alikuwa amesuka nywele siku hiyo na kufagia ua mara mbili. Nilimwona, kwa sababu nilipita njiani nikienda kupigwa picha ya pasipoti.

Norwei ilikuwa nzuri. Ningependa kusema ilikuwa chungu, kwamba sikuonja kitu, lakini nilionja kila kitu. Nilipaka rangi nyekundu kuta za mbao, nilipanda mtumbwi, nilifundisha watoto wenye nywele za rangi ya mahindi machanga wimbo wa Ekegusii, wakauimba vibaya sana nikafurahi. Kitu kimoja tu kilinishinda. Ijumaa ya kwanza nilitoka nje nikangoja jua lizame ili Sabato iingie. Likashuka, likafika juu ya miti, likaanza kutambaa pembeni badala ya kuzama. Nikangoja, mbu wakaniuma. Kiongozi wa kambi akaja akanieleza kwamba huko kaskazini katika majira hayo jua halizami, wao hufuata saa, na Sabato ilishaingia zamani. Wenzangu walikuwa wameshaomba, wamekula na wamelala. Mimi niliendelea kukaa pale, na kwa mara ya kwanza nilimlilia Karani. Nilimlilia kidogo, halafu nikaenda kulala, na asubuhi nikaamka mzima.

Jioni za kambi kila mgeni alisimama kutoa ushuhuda. Zamu yangu ilipofika wakanitaka niwaambie juu ya mtu aliyenionyesha upendo wa Mungu. Sijui kilichoniingia. Niliwaambia habari za Karani. Nikawasimulia bibi aliyekataliwa kufa, wakacheka. Nikawasimulia chai asiyoinywa. Nikasema yeye ni mtu asiyeweza kubadilisha hata herufi moja ya kweli. Wakapiga makofi, mama mmoja mzee akafuta machozi, na wakaniomba niisimulie tena Jumapili wazazi wa watoto watakapokuja. Nikaisimulia tena. Mara ya pili niliisimulia vizuri zaidi.

Niliporudi, kanisa lilinipokea kwa nyimbo. Wakaniweka mbele nizungumze juu ya safari. Kule nyuma nilimwona Karani amenyoosha shingo asikie, mkono nyuma ya sikio. Ibada ilipokwisha nilitokea mlango wa pembeni. Baada ya hapo wale wa Norwei walinisaidia kusoma uuguzi, nikapata kazi Nairobi, na nyumbani nikawa nakuja kwa misiba tu, asubuhi na kurudi mchana. Kila Desemba nilimwandikia Moraa barua. Nilimwandikia juu ya hali ya hewa, juu ya wagonjwa, juu ya bei ya nyanya. Alinijibu zote.

Miaka ya sabini ikiwa inaelekea mwisho, mama aliniambia Karani macho yake yameingia ukungu na hatoki tena nyumbani. Nikaomba ruhusa kazini. Nilijiapia kwamba safari hii nitasema. Nilifika kwake Alhamisi mchana, nikamkuta amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, koti lake lile lile, akimenya ndizi.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Karani. Kerubo."

"Kerubo wa Norwei!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akataka kujua mvua ya Nairobi, kazi yangu, kama watu wa mjini bado wanazaliwa kwa wingi. Akanielekeza nikae. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu nilipoteremka kwenye gari. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine: "Na macho yako, umeyapeleka hospitali?" Akasema wamempa matone. Tukazungumza juu ya matone. Tukazungumza juu ya matone nusu saa nzima, mimi nesi nikimweleza kwa makini, na Mungu ananiona.

Moraa akatoka jikoni, akanikumbatia. Alikuwa amenenepa kidogo, na kicheko chake kilikuwa kile kile. Hakuolewa. Akaniita ndani nimsaidie kupepeta nafaka ya wimbi. Jikoni mlikuwa na moshi, na pengine moshi ndio ulionisaidia, kwa sababu hatukuonana vizuri. Nikashika ungo, nikauweka chini.

"Moraa, yale maneno yaliyokwanguliwa yalikuwa yangu."

Hakuacha kupepeta. "Najua."

"Unajua?"

"Tata aliniambia jioni ile ile." Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu. "Nilitaka kuja kwenu nikuvute nywele mbele ya mama yako. Akanikataza. Alisema, mwache, atasema mwenyewe. Ukisema wewe, yeye hatapata tena nafasi ya kusema."

Nilikosa pa kutazama.

"Siku uliposafiri nilikuja stendi," Moraa aliendelea. "Ulifikiri nimekuja kukuaga. Nilikubebea sanduku nikakaa kando yako mpaka basi likaanza kunguruma. Nilikuwa nangoja tu. Halafu kila Desemba ikija barua yako, Tata ananiuliza kabla sijaifungua vizuri: amesema? Namwambia hapana. Ananiambia, soma mpaka chini, labda ameweka mwishoni. Nasoma mpaka chini, Kerubo. Mpaka bei ya nyanya."

Nililia sasa. Nilipiga magoti pale kwenye majivu nikamshika miguu. Aliniacha nilie, wala hakunisukuma wala hakuniinua. Kisha akageuza uso mlangoni akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa na furaha kabisa, kama anayetangaza ng'ombe amezaa.

"Tata! Amesema!"

Nje nikasikia kigoda kikisogezwa.

"Amesema kwa nani?" Karani akauliza.

"Kwangu."

"Kwako peke yako?"

"Ndiyo, Tata."

Sauti ya Karani haikuwa na hasira, na ningetamani ingekuwa nayo.

"Keshokutwa ni Sabato," alisema. "Kanisa litakuwepo. Mwambie akitaka nitakwenda naye, anishike mkono tu, njia siioni vizuri."

Moraa akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Nikatoka nikamwambia Karani nitakuja kumchukua saa mbili asubuhi ya Sabato, akasema sawa, atamwambia Moraa amnyooshee koti.

Ijumaa asubuhi nilimwambia mama nimeitwa kazini, nikapanda gari la kwanza kurudi Nairobi.